Jaketi la jinzi litazamwe kabla ya kutiwa mkasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niseme jambo linalowahusu vijana, pamoja na watu wazima wachache wa aina yangu, wanaokusanya majaketi ya jinzi ya mtumba na kuyatengeneza upya nyumbani. Kazi hiyo naipenda, wala sina nia ya kumkatisha mtu tamaa. Ninacholalamikia ni haraka ya mkasi. Jaketi linanunuliwa sokoni asubuhi, na kufikia jioni limeshakatwa mikono, limemwagiwa jiki na kuchorwa fuvu mgongoni, bila mtu yeyote kulikalia chini akalitazama na kujua ni jaketi gani hasa alilonalo mkononi.

Hapa Moshi, mwenye subira ya kuwahi soko la Memorial belo zinapofunguliwa hukuta nguo za kila umri zimechanganyika, na ndivyo ilivyo pia Karume jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi. Muuzaji huangalia kama vifungo vimetimia na kama kola haijachanika. Jaketi lilishonwa lini, si shughuli yake, na simlaumu. Ni kweli kwamba majaketi ya zamani sana hayafiki kwetu mara nyingi, kwa sababu wachambuzi wa huko nguo zinakotoka wanaijua thamani yake na huyatoa mapema. Lakini hupenya. Na yakishapenya, anayesimama kati ya jaketi la miaka ya 1960 na mkasi ni kijana aliyelinunua, basi.

Nitoe mfano wa Levi's, maana ndiyo wengi wanayoifahamu. Kampuni hiyo ya San Francisco, pamoja na fundi cherehani Jacob Davis, ilipata mwaka 1873 hataza ya kukazia mifuko ya suruali kwa ribiti. Majaketi yake wakusanyaji huyagawa katika aina tatu, na mtu akizijua hizo tatu hahitaji tena kubahatisha. La kwanza lina mfuko mmoja tu kifuani, marinda mbele kila upande wa vifungo, na mgongoni chini kikanda chenye bizimu cha kubania kiuno. La pili, lililotoka mwaka 1953, lina mifuko miwili, na kile kikanda cha mgongoni kimeondolewa, kiuno kikabanwa kwa vikanda vya pembeni. La tatu, la mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndilo ambalo viwanda chungu nzima vimeliiga hadi leo: mifuko miwili yenye vifuniko vilivyochongoka, na chini ya kila mfuko mishono miwili inayoshuka ikikaribiana kuelekea kiunoni. Mifuko ya pembeni ya kuingizia mikono iliongezwa baadaye kabisa, kwa hiyo jaketi la aina ya tatu lisilo na mifuko hiyo linastahili kutazamwa mara ya pili.

Kisha kuna lebo ndogo nyekundu iliyoshonewa ukingoni mwa mfuko wa kifuani. Hadi mwaka 1971 jina la kampuni liliandikwa humo kwa herufi kubwa tupu. Baada ya hapo herufi e ikawa ndogo. Wapo wanaodhani kwamba alama hiyo inatosha kutoa hukumu. Haitoshi, kwa kuwa kampuni yenyewe hutoa matoleo mapya ya majaketi yake ya kale yakiwa na lebo ya herufi kubwa, na waghushi nao hawajalala. Ushahidi ukusanywe wote kwa pamoja. Tafuta ndani lebo ya maelekezo ya kufua, ambayo sheria ya Marekani ilianza kuilazimisha mwaka 1972. Ikiwapo, na haikushonewa baadaye, jaketi si la kale kama unavyotamani. Soma kitambaa ni pamba tupu au kimechanganywa na nyuzi za kuvutika, maana mchanganyiko huo ni dalili ya jaketi la juzi juzi. Geuza kifungo utazame namba iliyogongwa nyuma yake, kisha uilinganishe na picha za wakusanyaji wengine. Majaketi ya Lee yana alama zake, kama ule mshono wa zigizaga unaoshuka sambamba na vifungo, na lile liitwalo Storm Rider lina bitana ya blanketi yenye mistari. Mtu akishalizoea hili, dakika chache zinamtosha, tena anaweza kulifanya akiwa bado sokoni bila muuzaji kushtuka na kupandisha bei.

Jaketi likionekana kuwa la kale, rai yangu ni kwamba lirekebishwe tu: kifungo kilichopotea kirudishwe, kwapa lililofumuka lishonwe kwa uzi wa rangi inayofanana, lifuliwe kwa maji baridi likiwa limegeuzwa nje ndani, na likaushwe kivulini. Likionekana kuwa la kawaida, na mengi ni ya kawaida, hapo mwenye nalo na aachie ubunifu wake ufanye kazi. Sisemi kila jaketi liwekwe kama kitu cha makumbusho.

Ila hata katika yale ya kawaida, naomba jiki itumiwe kwa kiasi. Kitambaa cha jinzi hufumwa kwa nyuzi za mtande zilizotiwa nili na nyuzi za mshindio zilizoachwa nyeupe, ndiyo maana upande wa ndani ni mweupe kuliko wa nje. Nili yenyewe haiingii hadi katikati ya uzi. Uzi huchovywa, hutolewa upate hewa, huchovywa tena, rangi ikajipanga juu juu tu. Kila kiwiko kinapokunjwa na kila mfuko unapoguswa, sehemu ya rangi hiyo huondoka, na baada ya miaka jaketi hubaki na michirizi iliyofuata mwili wa aliyelivaa. Mpauko wa namna hiyo hauigiki kirahisi. Jiki huufuta wote kwa dakika chache, mara nyingi ikaacha umanjano, na ikikaa muda mrefu hudhoofisha pamba yenyewe, sembuse nyuzi za kuvutika. Na kuna hatari kubwa kuliko ya nguo: nimewasikia vijana wakishauriana kumwaga siki ili kuizuia jiki isiendelee kula rangi. Jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na wengi wetu kazi hizi tunazifanya katika vyumba vyenye dirisha moja. Kinachotakiwa ni maji mengi ya kusuuzia, nje, penye hewa.

Ukitaka kupendezesha mgongo, kanga inatosha kabisa. Nimeona majaketi yaliyowekwa kanga yakavutia mtaa mzima, na nimeona mengine yaliyojikunja kama jani la mgomba lililopigwa na jua baada ya kufuliwa mara moja tu. Tofauti iko katika maandalizi. Kanga ni pamba nyepesi na mpya hurudi ikifuliwa, kwa hiyo ifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, na jaketi nalo lifuliwe. Pima kile kipande cha mgongo kilichozungukwa na mishono, kuanzia mshono wa mabegani hadi ukanda wa kiunoni, ukikate kitambaa kikiwa na ziada ya sentimita moja kila upande kwa ajili ya kukunja. Chagua sehemu ya mji, yaani katikati ya kanga, yenye ua kubwa, na kama unalitaka jina la kanga, lipange lilale sambamba na ukanda wa kiunoni. Likienda mshazari hata kidogo, jicho la mtazamaji halitaona kitu kingine. Kwa kuwa kanga ni laini kuliko jinzi, igandishiwe kwa pasi kitambaa chepesi cha ndani kinachoishika. Piga bandi kuzunguka pande zote kwanza, uvae, uinue mikono, uiname. Ikikuvuta popote, fumua upange upya. Ndipo ushone kwa cherehani, sindano ikiwa namba 100 au 110, na hatua ya mshono iwe ndefu kidogo. Penye makutano ya mishono minene usikanyage pedali kwa nguvu; zungusha gurudumu kwa mkono, maana sindano nyembamba hukatikia hapo hapo.

Darizi ya mkono nayo haijapewa heshima inayostahili katika kazi hii. Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, kofia zimedariziwa kwa mkono kwa vizazi vingi, na ustadi ule wa kuhesabu nafasi na kurudia ua bila kupotoka unahamia vizuri juu ya kifuniko cha mfuko au mgongo wa kola. Jinzi ni ngumu kuliko kitambaa cha kofia, hivyo subana si anasa. Asiyeivaa atajua kabla ya ua la kwanza kumalizika. Rangi za kuchora nazo zinafaa ikiwa ni za kitambaa na zimepigwa pasi baada ya kukauka. Rangi ya mafuta ya milango na baiskeli, hata kama inang'aa kwa kupendeza ubaoni, juu ya nguo inayokunjwa hupasuka.

Najua wapo watakaouliza kwa nini tuzungumzie kabisa nguo za mitumba. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuziondoa sokoni hatua kwa hatua. Rwanda ilishikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya nguo chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa kuziruhusu bidhaa za nchi za Afrika kuingia kwake bila ushuru, wakati majirani walikuwa wamekwisha kulegeza. Huo ni mjadala wa viwanda na ushuru, na wenye ujuzi nao wauendeleze. Jaketi ambalo tayari liko Memorial halitarudi lilikotoka.

Mwisho niwageukie mafundi cherehani, kwa kuwa vijana wengi hawana cherehani nyumbani na huwapelekea ninyi kazi. Mteja akitaka mikono iondolewe, tafadhali fumueni mshono wa bega badala ya kukata kando yake. Ni kazi ya muda mrefu zaidi, na mna haki ya kuitoza zaidi. Mikono ile, vifungo vilivyobadilishwa na lebo zote zilizong'olewa vitiwe katika mfuko mmoja na kukabidhiwa mteja pamoja na jaketi lake, ili atakayelimiliki baadaye aweze kulirudisha akitaka. Na msikubali kuhamishia lebo nyekundu ya jaketi moja kwenye jingine kwa ajili ya kuliuza, hata mteja akiwabembeleza vipi, kwa maana huo ni udanganyifu kwa mnunuzi na jina litakaloharibika ni la fundi.

Wako,
Msomaji,
Moshi