Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, na Maelezo Kuhusu Rivolva za Katriji za Hewa

Ndugu Wanachama,

Assalaam alaykum, na salamu zangu kwenu nyote, mlio hapa Coventry na mliohamia miji mingine ya Uingereza lakini majina yenu bado yamo katika daftari letu. Katiba ya chama chetu cha kulenga shabaha kwa silaha za hewa inamtaka Mwenyekiti atoe taarifa ya mwaka kabla ya Mkutano Mkuu, nami naitoa huku nikijua kwamba wengi wenu mtaisoma mkitafuta jambo moja tu, yaani rivolva za marehemu mwenzetu nilizoziripoti polisi. Jambo hilo nitalifikia, na sitalikwepa.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulilenga shabaha Jumapili mbili za kila mwezi katika ukumbi ule ule tunaoukodi, yadi 6 kwa wanaoanza na mita 10 kwa waliokwisha kuzoea. Mashindano ya ndani yalifanyika mara mbili, mafunzo ya usalama mara moja, na chakula cha Iddi kilifana. Safari ya Scotland iliahirishwa, kwa sababu tangu tarehe 31 Desemba 2016 bunduki na bastola za hewa huko zinahitaji leseni, na mgeni hana budi kupata kibali cha mgeni kabla ya kuondoka kwake. Niliwakumbusha wahusika jambo hilo mara tatu kwa maandishi, na waliojaza fomu walikuwa wawili.

Kuhusu fedha, tulipokea ada pauni 920, malipo ya siku za shabaha pauni 312 na michango pauni 260, jumla pauni 1,492. Tulitumia pauni 840 kwa kodi ya ukumbi, 185 kwa bima na 140 kwa karatasi za shabaha na vidonge vya risasi, jumla pauni 1,165. Kutoka katika akiba ya pauni 1,110 tulinunua rivolva nne za gesi kwa pauni 520, na kwa hiyo tunafunga mwaka tukiwa na pauni 917. Mweka Hazina ana risiti zote, na yeyote mwenye shaka aje azikague badala ya kuzungumzia hesabu hizi kwenye simu.

Sasa nalifikia jambo lenyewe.

Mwezi wa Machi, usiku wa Alhamisi, nilipigiwa simu na mjane wa mwanachama mwenzetu mwanzilishi, marehemu ambaye sote tulimwita Mzee na ambaye ndiye aliyetufundisha wengi wetu kushika bastola ya hewa bila mkono kutetemeka. Aliniambia, “Mwanangu, nimekuta kitu kabatini nami nakiogopa.” Nilikwenda usiku ule ule pamoja na mke wangu. Chini ya mablanketi ya baridi palikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake, katika kikoi cha zamani, zilikuwamo rivolva mbili, pampu ya mkono ambayo mpini wake ulizungushiwa utepe mweusi, na katriji kumi na mbili za shaba zilizopangwa safu mbili kama tende kwenye kasha. Katriji moja ilikuwa imefunguliwa kichwa chake, hesi zake zikaonekana wazi, na kwa hizo nikajua papo hapo ni silaha ya namna gani iliyo mbele yetu.

Wanachama wapya huenda hawajapata kuiona, na kwa ajili yao naeleza. Katriji ya hewa ina umbo la risasi ya kweli, lakini ndani yake hamna baruti. Ni chupa ndogo yenye vali. Mpigaji huijaza hewa kwa pampu, moja baada ya moja, hufungua kichwa chake na kuweka kidonge cha risasi, kisha huingiza katriji sita katika silinda. Nyundo ya rivolva ikigonga kitako cha katriji, vali hufunguka, na hewa yote hutoka kwa mkupuo na kukisukuma kidonge kwenye mtutu. Kujaza katriji sita huchukua muda mrefu kuliko kuzipiga, na Mzee alikuwa akisema kwamba muda huo ndio uliomfundisha kutoharibu hata pigo moja.

Mfumo huu ulianza kuuzwa hapa Uingereza katika miaka ya 1980, na baadaye ukajulikana zaidi kwa jina la Brocock. Ulipendwa zaidi baada ya mauaji ya Dunblane ya tarehe 13 Machi 1996, ambapo watoto 16 na mwalimu wao waliuawa, kwani sheria za mwaka 1997 ziliwaondolea raia karibu bastola zote za baruti, na wapenzi wa rivolva wakaona katika katriji za hewa njia halali ya kuendelea kujaza silinda na kuitoa maganda yake kama walivyozoea. Mzee alinunua zake mwaka 1999 kihalali kabisa, na risiti ilikuwamo sandukuni.

Kilichoziharibia jina rivolva hizi ni wahalifu. Silinda iliyoundwa kupokea ganda la shaba ilikuwa nusu ya safari kwa fundi mwenye nia mbaya, na zikaanza kukamatwa mitaani zikiwa zimetobolewa ili zipige risasi za kweli. Bunge likapitisha Sheria ya Mwaka 2003 dhidi ya Tabia za Kuudhi Jamii, na kuanzia tarehe 20 Januari 2004 silaha yoyote ya hewa inayotumia katriji yenye gesi yake ndani ikaingizwa katika orodha ya silaha zilizopigwa marufuku. Waliokuwa nazo kabla ya siku hiyo walipewa hadi tarehe 30 Aprili 2004 kuomba cheti cha silaha. Mjane alinieleza kwamba Mzee alikuwa Unguja akimuuguza mama yake tangu Desemba 2003 hadi Juni 2004. Aliporudi, muda ulikuwa umekwisha, naye akaliweka sanduku kabatini na hakulitaja tena. Simhukumu. Nayasema haya kwa idhini ya mjane, ili asitokee mtu wa kudhani kwamba mzee wetu alikuwa mvunja sheria wa makusudi.

Nilichofanya ni hiki. Sikulibeba sanduku lile wala sikulitoa chumbani. Nilipiga simu polisi, nambari 101, mbele ya mjane na mke wangu, nikaeleza kilichokutwa na mahali kilipo. Asubuhi yake walikuja askari wawili, wakavichukua vyote, wakaandika hati ya kupokea na kumpa mjane nakala. Hakuna aliyeshitakiwa.

Lawama zilizofuata nimezisikia, na nyingine nimezisoma usiku wa manane. Ya kwanza ni kwamba sikuitisha kikao cha Kamati. Kikao chetu kinahitaji notisi ya siku saba. Katika siku hizo saba, mama wa miaka sabini na miwili angelala chumba kimoja na silaha ambayo kwa mtu mzima hapa Uingereza adhabu ya kuimiliki bila kibali huanzia miaka mitano jela, isipokuwa mahakama ione sababu za pekee. Nami ningekuwa nimekwisha kujua na kunyamaza. Wajumbe watatu walioandika barua ya malalamiko ni ndugu zangu na nawaheshimu, lakini nauliza ni nani kati yao angekubali sanduku lile lilale kwake hata usiku mmoja.

Lawama ya pili inaniuma zaidi, kwa sababu ina ukweli ndani yake: kwamba rivolva zile zilikuwa kumbukumbu ya Mzee na zingewekwa kwenye kabati la kioo ukumbini. Nami nilimpenda. Hata hivyo, sheria haikuacha njia ya kuirithi silaha ya namna hii wala kuiuza kwa chama, na hata kuiua silaha, yaani kuiharibu isiweze kupiga tena, ili ibaki pambo ni kazi inayothibitishwa na ofisi za ukaguzi wa silaha za Birmingham au London, na anayeipeleka huko lazima awe na haki ya kuishika kwanza. Pendekezo la kuzifunga ndani ya mizigo ya kontena na kuzipeleka Tanga sitalijadili katika taarifa hii, ila kusema kwamba aliyelitoa angeliangamiza jina la chama chote.

Lawama ya tatu ni kwamba nimejipinga mwenyewe, kwani mwezi uliofuata nilinunua rivolva nne ambazo nazo zina maganda ya shaba. Jibu liko katika swali moja: gesi iko wapi? Katika rivolva tulizonunua, gesi ya kabonidioksidi imo katika kichupa cha gramu 12 kinachokaa ndani ya mpini. Ganda la shaba hubeba kidonge tu na halina gesi yake. Ukilitikisa ni tupu, na ukilipuliza hewa inapita upande wa pili. Ndiyo maana zinauzwa dukani, ana kwa ana, kwa mtu aliyetimiza miaka 18, mradi nguvu yake isizidi futi-ratili 6, kipimo cha Kiingereza cha nguvu ya pigo. Niliipima moja mbele ya wanachama tisa waliohudhuria siku hiyo, na wasiohudhuria ndio wanaoendelea kuuliza.

Hapo naingia katika mahudhurio. Tuko wanachama 41. Nilipoupokea uenyekiti mwaka 2019 tulikuwa 14, na ongezeko hilo halikuja lenyewe. Lakini wastani wa wanaofika Jumapili ni watu 9, na tarehe ya mafunzo ya usalama tulikuwa 6 nikiwamo mimi, Katibu na mkufunzi. Ukumbi unalipiwa pauni 35 kila siku, tufike tusifike. Waliolipa ada ya pauni 40 ni 23, na wanachama 18 wanadaiwa jumla ya pauni 720, fedha ambazo zingezilipia rivolva zote nne bila kugusa akiba. Miongoni mwa wadaiwa wamo wawili kati ya waliotia saini barua ile. Majina siyataji, kila mmoja anajijua.

Kwa mwaka ujao tunatumaini, Mungu akijaalia, kuwavuta vijana zaidi, kupata ukumbi wenye nafasi kubwa, na kuifufua safari ya Scotland ikiwa vibali vitaombwa mapema. Pia naomba kila mwanachama aangalie makabati na stoo za nyumbani kwake na za wazee wake, na akikuta rivolva ya hewa yenye katriji za kujazwa kwa pampu, asiiguse, asinibebee mimi, apige 101.

Mjane ameniachia daftari la alama za Mzee, lililoandikwa kwa kalamu ya wino tangu mwaka 1999, kila pigo na tarehe yake. Ukurasa wa mwisho wa rivolva ile una mapigo sita, manne ya kumi na mawili ya tisa, na chini yake ameandika “mkono umetulia leo”. Daftari litakuwa mezani siku ya Mkutano Mkuu, pembeni ya kitabu cha kupokelea ada.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti