Barua kwa mwanangu: mdogo usimpakate kwenye mtelezo

Mwanangu mpendwa,

Picha za kile kiwanja kidogo cha watoto nimezipata. Magogo, visiki, mchanga na kilima cha nyasi, hapo umechagua vizuri, na nafurahi kwamba Jumamosi mnarudi. Ila ile picha umempakata mdogo mnateremka pamoja kwenye mtelezo imeninyima raha.

Usimpakate. Mtoto wa umri wake hana akili ya kukunja miguu. Soli ya kiatu inanasa ukingoni, wewe na uzito wako mnaendelea kushuka, mguu unabaki nyuma na kupindika, mfupa wa muundi unavunjika. Hata ukishuka polepole inatokea. Akiteleza peke yake kiatu kikanasa, kauzito kake hakawezi kuukunja mguu kwa nguvu hiyo. Kama hawezi kupanda na kukaa mwenyewe, basi mtelezo ule bado si wake.

Mwache chini, mbona huko ndiko kwenye mambo. Mpe kikopo na kijiko achote mchanga. Mfunulie kipande cha gogo kilicholala, ukikiinua upande wa mbali ili kilichomo kitokee huko, si miguuni penu. Chungulieni majongoo na mchwa, kisha kirudishe taratibu kama kilivyokuwa, maana wadudu wale wanaishi kwa unyevu wa chini yake. Kwa mtoto mdogo hiyo ni nusu saa nzima. Asiokote uyoga wala matunda ya vichakani.

Mkubwa naye usimpandishe juu. Alipopanda kwa mikono yake ataweza kushuka. Alipowekwa na mtu atakwama na kulia. Kwenye visiki usimshike mkono, unamvuta na kumpotezea mizani. Simama kando, mikono tayari karibu na kiuno chake. Kwenye wavu wa kamba ashuke kinyumenyume, tumbo likielekea wavu, na umwambie mguu uende wapi. Mvua ikiwa imenyesha, magogo yaliyomenyuka magome na kuota ukijani yanateleza kama sabuni. Siku hiyo wachezee kilimani.

Mkifika, zunguka kwanza kabla hujawaachia. Chini ya bembea na mtelezo unapoishia, chimba kwa ncha ya kiatu kwenye vile vipande vya mbao vilivyotandazwa kuwakinga wakianguka. Vinatakiwa viwe na kina cha sentimita 23 hadi 30, na hapo ndipo miguu inapovisukuma pembeni hadi udongo mgumu unabaki wazi. Virudishe kwa mguu, ni kazi ya dakika moja. Weka mgongo wa kiganja kwenye mtelezo kwa sekunde 5. Ukiona ni wa moto, hawapandi, hata ukiwa wa plastiki. Beseni au shimo lenye maji yaliyotuama limwagwe au mhame upande huo, kwani sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha mtoto.

Kofia ngumu ya baiskeli ivuliwe getini. Mwili unapita kwenye uwazi, kofia inakwama, mtoto ananing'inia kwa mkanda wa kidevuni. Kamba za nguo zina hatari ileile. Sweta niliyomtumia mdogo ina kamba shingoni, sikuifikiria. Vuta kamba hiyo uitoe kabisa, ushone kifungo.

Una subira na watoto, hilo nalisema kwa watu wote. Ila simu hiyo! Piga picha moja, kisha iweke mfukoni, kwa sababu anayepiga picha hana mkono wa kudaka.

Wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote, paka huchimba mchanga ule ule. Suruali uzikung'ute nje, ukigeuza mifuko, kabla hazijaingia kwenye mashine; mchanga ndio unaoziba bomba la kutolea maji, na nadhani ndiyo sababu ile yako inagoma. Viatu vibaki mlangoni vikauke, usivianike juani vikakakamaa.

Na huyo baba watoto umsomee barua hii, maana kwenye picha nyingine namwona amesimama juu ya mtelezo, mdogo yuko mkononi. Mwambie mama amesema ashuke kwa ngazi.

Mama yako