Namba 24 si wetu

Mwanangu mpenzi,

Mchoro wako wa ukoo umenifikia salama. Nimeutandaza mezani nikaukandamiza pembe kwa vikombe, maana ulikuwa unajikunja. Vizazi vinane kwa wiki mbili! Nilitabasamu mwenyewe kama mtoto, nikipanda tawi kwa tawi, mpaka nilipofika namba 24. Hapo tabasamu likaniisha.

Zile namba umezipanga sawasawa. Wewe ni 1, baba yako 2, mimi 3. Baba wa mtu ni namba yake mara mbili, na mama yake ni hiyo hiyo ukiongeza moja. Mpango huo Michaël Eytzinger aliuchapisha mwaka 1590, na mpaka leo sijaona ulio mwepesi kuliko huo. Kwa hiyo 24 ni babu wa baba yangu. Umemwandika seremala, ukaweka mtaa wake na mwaka, na pembeni ukaongeza kwamba watu watatu mtandaoni wamethibitisha.

Mwanangu, hao watatu wameninakili mimi.

Hujawahi kuisikia habari hii kwa sababu naionea haya. Kabla hujaanza shule nilikuwa nikishinda maktaba Jumamosi nzima. Siku moja, kwenye kitabu cha zamani cha anwani za mji, nikaliona jina la ukoo wetu na jina lake la kwanza, herufi kwa herufi. Mstari wa chini yake alikuwapo mwingine mwenye jina lilelile, fundi viatu. Nikamchukua seremala kwa sababu babu yangu alikuwa na randa ndani ya sanduku lake. Basi, ushahidi wenyewe ndio huo, randa! Nikamchora, nikawagawia ndugu, ndugu wakawagawia wenzao. Mwaka wa pili nikapata tangazo la kifo cha yule seremala kwenye gazeti, pamoja na umri wake. Nikatoa hesabu nyuma ya bahasha: alimzaa babu yangu akiwa na miaka 9. Nilifuta kwangu. Kwa wengine sikuwahi kufuta, na sasa kosa langu limerudi nyumbani likiwa limevaa suti.

Ninachotaka ukishike ni kimoja: kila ukurasa unaoufungua uliandikwa kwa shida ya mtu mwingine, si kwa ajili yako. Uliza kwanza shida hiyo ilikuwa ipi. Kitabu cha anwani kilichapishwa ili wenye biashara wajue nani yuko wapi na anafanya nini. Ndiyo maana kina mwenye nyumba na kazi yake, watoto hamna. Na taarifa zilikusanywa kabla ya kuchapishwa, hivyo kitabu cha mwaka huu mara nyingi kinakuonyesha watu walipokuwa mwaka jana. Usisome kimoja ukatosheka. Chukua vya miaka kumi mfululizo, fuata jina lilelile. Utaona mtu anahama, anabadili kazi, halafu mwaka mmoja jina lake halipo na mahali pake pamekaa mwanamke, ameandikwa "mjane wa" fulani. Hapo umeshapata mwaka wa kifo kwa kukadiria, bila cheti. Ila nalo hilo lichukue kwa tahadhari. Wapo waliojiita wajane na mume yuko hai mtaa wa tatu; kuachwa kulikuwa aibu, ujane ulikuwa heshima.

Nyumba nazo zinadanganya. Chicago ilipanga upya namba za nyumba mwaka 1909, kwa hiyo anwani ya 1905 ukiipeleka kwenye ramani ya leo utasimama mbele ya mlango wa watu wengine kabisa. Tarehe pia. Uingereza na makoloni yake, mpaka 1752, mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi. George Washington aliandikwa amezaliwa 11 Februari 1731. Kwa kalenda tunayoitumia sisi ni 22 Februari 1732, maana kalenda yao ilikuwa pia nyuma kwa siku 11. Ukikuta mtoto "amezaliwa" miezi michache kabla ya ndoa ya wazazi wake, angalia kalenda kabla hujaanza kunong'ona.

Halafu ile programu inayosoma picha za kurasa usiiamini sana. Maandishi ya zamani yana s ndefu inayofanana na f, na programu huisoma f. Jina lisipotokea, lipindishe: andika f penye s, dondosha herufi, au achana na jina kabisa utafute mtaa.

Uliniuliza kwa nini nang'ang'ania vitabu vilivyochapishwa wakati daftari za asili ndizo zenye uzito. Ni kwa sababu ya moto. Mwaka 1922 hifadhi ya nyaraka za Ireland iliteketea Dublin katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na wosia za karne kadhaa zikawa majivu. Lakini mwaka 1897 Arthur Vicars alikuwa amechapisha faharasa ya wosia za tangu 1536 hadi 1810. Wosia haupo, ila jina lipo, na mahali, na mwaka, kwa kuwa nakala za kitabu zilikuwa zimeshatawanyika. Marekani nako sensa ya 1890 iliharibiwa vibaya na moto wa mwaka 1921, na leo karibu yote haipo. Wanaotafuta watu wa miaka ile huvuka pengo hilo kwa kukanyaga vitabu vya anwani.

Kuna na pengo lisiloletwa na moto. Sensa ya Marekani ya 1850 ilikuwa ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru wa nyumba. Watumwa walikuwa na karatasi zao mbali: jina la bwana juu, na chini yake umri, jinsia na rangi, mstari kwa mstari, karibu zote bila jina. Nimeshika nakala ya ukurasa mmoja wa namna hiyo. Mwanamke, 30. Mvulana, 8. Msichana, miezi 4. Nilikaa nao muda mrefu. Wazao wao wengi hurudi nyuma hadi sensa ya 1870, ya kwanza baada ya uhuru, wakagonga ukuta. Wanaopenya hupenya kwa magazeti: tangazo la bwana anayemtafuta aliyetoroka, linalotaja jina na kovu la mkononi, au, baada ya uhuru, tangazo la mama anayewatafuta wanawe waliouzwa, akitaja majina yao na ya waliowanunua. La kwanza liliwekwa ili kumkamata mtu, na leo ndilo linalomrudishia mjukuu jina.

Sasa nifanyie mambo mawili. Namba 24 mfute, pamoja na wote uliowapanga nyuma yake, 48, 49 na kuendelea. Mimi nitawaandikia wale watatu. Fundi viatu usimpandishe bado. Huenda ni yeye, lakini safari hii nataka kitu kizito kuliko randa.

La pili ni namba 15. Umefika vizazi vinane upande wa wanaume, na kisanduku cha 15 umekiacha kitupu. Huyo ni mama wa mama yangu, mimi nimelala mapajani pake! Magazetini hutamwona kwa jina lake, kwa sababu kila alipotajwa alitajwa kama mke wa fulani. Tafuta jina la mume, yaani 14, usome mpaka mwisho wa habari. Majina yake yote matatu, na lile alilolichukia, nitakutajia ukija. Njoo na daftari na penseli. Kalamu ya wino huwa hawaruhusu kule ninakotaka twende asubuhi yake.

Mama yako