Mjomba, nimeona kazi ya wenzako

Shikamoo Mjomba,

Natumai barua hii itawakuta wazima nyote hapo Lamu, na mguu wa Mama umepoa. Mimi sijambo, ila baridi ya Paris imenipasua midomo.

Juzi nilikwenda kutazama picha za Robert Nanteuil, nikakukumbuka ulivyoinamia bangili zako ukizitia nakshi. Bwana huyu alizaliwa Reims mwaka 1623, akawa mchoraji na mtia nakshi wa mfalme Louis wa 14. Yeye alichonga sura za watu: mfalme, mawaziri, maaskofu. Kwanza alimkalisha mtu, akamchora kwa penseli au chaki za rangi, kisha sura ile akaihamishia kwenye bamba la shaba nyekundu.

Chombo chake ungekijua hata gizani. Ni chuma chembamba kilichonolewa mshazari, na kishikio cha mbao kinakaa kiganjani. Kinasukumwa mbele, na penye mpindo, linalozungushwa ni bamba, mkono umetulia. Si ndivyo ulivyokuwa ukinigombeza? Bamba likiisha hupakwa wino, hufutwa juu, wino ukabaki miferejini, halafu karatasi yenye unyevu inagandamizwa juu yake kwa mashine. Picha hutoka imegeuka, kwa hiyo hata majina huchongwa kinyume. Hapo mimi ningeshindwa.

Mwenzake, Claude Mellan, ndiye aliyenimaliza. Mwaka 1649 alichora uso wa Yesu kwa mstari mmoja tu, ulioanzia ncha ya pua ukazunguka na kuzunguka, kama Bibi anavyoanza kushona kawa. Panapotaka kivuli mstari unanenepa, panapotaka mwanga unakonda. Niliinamia kioo mpaka mlinzi akakohoa.

Na hili nimekuwekea wewe. Mwaka 1660 mfalme alitoa amri kwamba kazi hii ni sanaa huru, wenyewe wasiwekwe chini ya vyama vya mafundi. Nikawafikiria wale wateja wako wanaobisha bei, ati "kukwaruza tu huku".

Louvre, jumba la makumbusho la hapa Paris, wana mabamba ya kale ambayo hadi leo wanayachapa na kuuza nakala. Nikipata pesa nitakuletea moja. Ila usiitundike karibu na jiko, Mjomba, nakujua.

Wasalimie wote.

Mpwao