Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa makampuni mnaoitwa kushika fedha za Serikali

Wanangu,

Hongereni kwa uteuzi. Nchi inawahitaji. Ila kabla hamjasaini chochote, nisikilizeni: shilingi ya umma haitoki mpaka Bunge limeiidhinisha, na ikitoka inakwenda palepale ilipoandikiwa.

Kwenye kampuni, mkurugenzi akiona fursa huchota fedha za matangazo akanunua mtambo, bodi ikaarifiwa baadaye. Fanya hivyo wizarani uone hoja ya ukaguzi. Kila kasma, yaani kifungu cha bajeti, ina kazi yake, na uhamisho unataka kibali cha maandishi kabla ya kutumia. Tena, bajeti kupitishwa si fedha kuingia. Hazina hutoa kadiri mapato yanavyokusanywa.

Linalowaangusha wengi ni ahadi ya mdomo. Bosi mpya anamwambia mkandarasi, "Anza kazi, malipo utapata." Mkandarasi anakopa, anamwaga kokoto, analeta ankara. Mhasibu akifungua MUSE, mfumo wa malipo ya Serikali, hakuti kitu: zabuni haikupita NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, hati ya ununuzi haipo, kasma haina fedha. Ankara inalala hadi 30 Juni, mwaka unafungwa, deni linavuka. Malimbikizo huzaliwa hivyo, na atakayebanwa na PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali, ni afisa masuuli mwenyewe, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi. Agizo likitoka juu nawe unaliona halifai, andika pingamizi lako siku hiyohiyo, nakala ibaki kwenye jalada.

Hesabu zinatakiwa kwa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, ifikapo 30 Septemba. Msisubiri Agosti kutafuta nyaraka. Kila malipo yawe na mkataba, hati ya kupokelea mali, ankara na risiti ya EFD, mashine ya kodi, vyote pamoja. Hati moja ikikosekana, hata kama mali ipo stoo, hoja inabaki.

Mwenye nafasi apitie kwanza shirika la umma. Nehemiah Mchechu alitoka benki akaongoza NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, kuanzia 2010, ndipo mwaka 2023 akateuliwa Msajili wa Hazina, msimamizi wa mashirika ya umma. Njia hiyo naipenda, maana mtu anazoea taratibu za umma kabla ya kubeba mzigo wote.

Na mali zenu: tamko liifikie Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma ndani ya siku 30, hisa za kampuni mliyotoka zikiwamo. Kikao kikiijadili kampuni hiyo, tangaza maslahi yako, toka nje, kisha hakikisha muhtasari umeandika kuwa ulitoka.