Barua kwa Mwanaidi, kuhusu nyumba ya baba

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Wazima huko Dodoma? Watoto, baba watoto, na mgongo wa mama umepata nafuu? Sisi tuko salama kwa uwezo wa Mola. Najua nimekaa kimya tangu Idd na una haki ya kuninunia, ila ninunie baadaye, kwanza nisikilize. Haya siwezi kuyasema kwenye simu, mama yuko chumba cha pili.

Jumanne nilikwenda nyumbani kumpelekea mama dawa. Nakuta dalali na vijana wawili wanavuta futi kutoka kwenye mnazi mpaka ukuta wa jirani. Nikauliza, mnapima nini? Dalali akanijibu kwa adabu kabisa: "Dada, mzee ametutuma, mteja anakuja Jumamosi ya wiki ijayo." Mzee mwenyewe ni baba mdogo. Mama alikuwa uani anachambua mchicha, hana habari. Mwanaidi, miguu iliniisha nguvu.

Unakumbuka baba hakuacha wosia, na kikao cha ukoo kikamteua baba mdogo awe msimamizi wa mirathi. Hakuna aliyepinga. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukubali, maana ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano baba alipolala kitandani. Hilo silisahau, na ndilo linalonichoma. Sasa mwaka wa pili unakwisha hatujagawiwa hata kijiko. Ukimuuliza, anasema mambo ya mahakama huenda polepole.

Basi Jumatano nikaenda mahakama ya mwanzo, masjala. Karani, mama mmoja mpole, akanitolea jalada. Ndani mna fomu ya maombi, muhtasari wa kikao, cheti cha kifo na barua ya usimamizi. Basi. Akapekua tena, akaniangalia: "Fomu namba 5 na namba 6 mbona sizioni?" Ndipo akanieleza kwamba ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, msimamizi anatakiwa alete mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu, hiyo ndiyo namba 5, na baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, hesabu ya kilichoingia, kilichotoka na nani kapewa nini, ndiyo namba 6. Mahakama inaweza kumwongezea muda, lakini kwenye jalada la baba hakuna hata ombi la kuongezewa. Kanuni zenyewe ni za tangu 1971. Miaka yote hiyo zipo, na katika ukoo mzima hakuna aliyetuambia!

Halafu kuna zile fremu mbili za maduka za baba, za barabarani. Fundi cherehani alinifungulia daftari lake la kodi, limejaa alama za chaki na vipande vya uzi. Wino wa kijani, sahihi ya baba mdogo: 1,200,000, mwaka mzima. Ukurasa wa pili, 1,200,000 tena. Fremu ya jirani yake hivyo hivyo. Piga hesabu mwenyewe, ni 4,800,000. Mama katika hizo ameona gunia moja la mchele na 50,000 ya Idd. Dawa za presha nanunua mimi.

Nilimpigia jioni. Akasema anauza ili kila mtu apate chake, "na mimi nina haki yangu." Haki ipi? Nilikwenda kwa ustadhi nikamweleza wote waliobaki, na kwamba babu na bibi walishatangulia. Mama anapata thumuni, yaani moja ya nane, kinachobaki ni cha watoto, kaka mara mbili ya kila mmoja wetu sisi wasichana wawili. Ukikata mafungu 32, mama 4, kaka 14, mimi 7, mdogo wangu 7. Yamekwisha. Ndugu wa marehemu hana fungu maadamu mtoto wa kiume yupo. Baba mdogo amesoma dini kuliko sisi wote, hili analijua.

Mama anataka tunyamaze, anasema Mungu atalipa. Najua atalipa, lakini mama atalala wapi? Simtakii baba mdogo jela, wallahi. Nataka aketi mbele yetu afungue daftari. Kama alitoa pesa zake kwenye mazishi, alete risiti arudishiwe kabla ya mgawo. Ila alipewa kazi ya kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Nyumba haikuwa yake siku aliyokula kiapo, na leo si yake.

Kwa hiyo Jumatano napeleka barua mahakamani, aitwe alete orodha na hesabu, na uuzaji usimame kwanza. Karani anasema akikaidi, au ikionekana anaendesha mirathi kwa kuwaumiza warithi, tunaweza kuomba uteuzi wake utenguliwe. Sijafika huko bado. Hati ingali na jina la baba, nilihakikisha Alhamisi ofisi ya ardhi, na nataka kuweka zuio ili huyo mteja asije akaingizwa mjini na yeye.

Sasa nisaidie. Ile barua uliyoandika wakati wa mirathi ya mama mkubwa unayo bado? Nipigie picha unitumie kabla ya Jumatano. Mlianza kumwandikia mjomba mwenyewe, au mlikwenda moja kwa moja mahakamani? Ilichukua muda gani mpaka akaitwa? Mama yenu mlimwambiaje? Na siku ile mlipokutana kwenye benchi pale nje, ulimwamkia? Mimi baba mdogo nitamwambia shikamoo. Nawaza tu, asipoitikia nitakaa wapi.

Wako,
Mwajuma