Paspoti ndio swali la kwanza: kuhusu kazi za kufundisha Kiingereza Korea

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mimi ni mwalimu wa JSS, yaani sekondari ya chini, hapa kaunti ya Kilifi, masomo yangu ni Kiingereza na Fasihi, nilimaliza chuo 2019 na mpaka sasa bado naingoja ile ajira ya kudumu. Naandika kuhusu hizi kazi za kwenda Korea Kusini kufundisha Kiingereza manake nimezihangaikia karibu mwaka mzima, zimekula pesa zangu na za mamangu, na kinachoniuma zaidi ni kwamba ukweli wenyewe ni mstari mmoja tu na hakuna aliyetusomea huo mstari.

Nianzie mwanzo. Mwaka jana mwezi wa pili rafiki yangu niliyesoma naye chuo alinipeleka kwenye kikao mjini Mombasa, ajenti mmoja, jina lake silitaji, alikuwa ameita walimu. Tulijaa ukumbi, wengi wetu tukiwa wale walimu wa mkataba wa mafunzo wa shilingi 20,000 kwa mwezi, ambazo zikishakatwa unabaki na kama 17,000, ulipe nyumba, ule, utume kidogo nyumbani, tarehe kumi haijafika zimeisha. Halafu mtu anasimama mbele yako anakwambia kuna nchi mwalimu anaanzia milioni mbili na kitu za won, pesa ya Korea, kwa mwezi, yaani karibu laki mbili za kwetu, nyumba analipiwa na shule, bima ya afya ipo, na akimaliza mwaka wake anaongezewa mshahara wa mwezi mzima wa kuagana. Tulitoka pale tukiwa hatuongei, kila mtu anapiga hesabu zake kichwani.

Na wallahi hayo yote ni kweli, nimekuja kuyahakikisha mwenyewe baadaye. Serikali yao ina mradi unaitwa EPIK, ulianza 1995, unaweka walimu wa kigeni kwenye shule za umma, mwalimu anafundisha saa 22 kwa wiki na darasani anakuwa pamoja na mwalimu Mkorea. Kuna na hagwon, hizo ni shule za tuisheni za watu binafsi, zimejaa kila mtaa, watoto wanaingia wakitoka shule na wengine wanakaa mpaka usiku. Hati alizotutajia pia ni zilezile zinazotakiwa kweli: digrii, cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, cha saa 100 kwenda juu, cheti cha polisi cha tabia njema, barua mbili za kukupendekeza, mfano wa somo ulioandaa, vipimo vya afya pamoja na vya dawa za kulevya. Hapo ndipo penye ugumu wa hii biashara, Mhariri, kwa sababu ukienda kuhakikisha unachoambiwa unakuta ni sawa, ukirudi unalipa bila wasiwasi.

Basi nikalipa. Usajili 15,000, kozi ya TEFL 30,000, vipimo 12,500 kwenye hospitali waliyonituma wao, na 65,000 za kushughulikia faili. Jumla 122,500. Sehemu kubwa ni mkopo mamangu aliochukua kwenye chama chake kwa jina lake, mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, na mpaka leo tunaulipa. Kozi niliisoma kweli, usiku, umeme ukikatika naendelea kwenye simu. Nikajifundisha na Hangul, ile abjadi yao aliyoitunga mfalme wao Sejong na kuitangaza 1446 ili watu wa kawaida waweze kusoma, herufi za msingi ni 24 tu na zimepangwa kwa akili sana, ndani ya wiki mbili nilikuwa nasoma majina ya stesheni za treni za Seoul na Busan kwenye ramani bila kuangalia Kiingereza. Wanafunzi wangu wa gredi ya 8 nikawaonyesha ubaoni, wakaandika majina yao, kuna mmoja ambaye kusoma kwake ni kwa shida lakini hizo herufi alizishika siku ileile. Sijutii hata kidogo kujifunza.

Mwezi wa tisa nikapigiwa simu ofisini kwao, imebaki viza tu, lete 80,000. Hapo sikuwa na pa kukopa tena, nikampigia dadangu, mtoto wa mamangu mkubwa, wazazi wake walihamia Canada akiwa darasa la pili na yeye amefundisha Korea miaka miwili mji wa Daegu, lengo langu lilikuwa kumuomba anikopeshe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, mdogo wangu, kwani paspoti yako ni ya wapi? Nikamwambia si ya Kenya. Akanyamaza, kisha akasema usitume hata shilingi.

Ndio akanieleza, na niliyoelezwa nayaandika hapa kama yalivyo. Viza ya mwalimu wa lugha Korea inaitwa E-2. Ya kufundisha Kiingereza inatolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Canada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Digrii nayo inatakiwa iwe ya chuo cha nchi hizo. Kenya haimo, Tanzania haimo, Uganda haimo. Hata uwe na TEFL tatu, hata uwe ulipata A ya Kiingereza, hata uwe umefundisha miaka ishirini, fomu yako haifiki mbali kwa sababu swali la uraia linakuja kabla ya hayo yote. Si siri, iko kwenye masharti ya EPIK na ubalozi wao uko Nairobi, mtu anauliza bure.

Niliporudi kwa ajenti na hayo maneno hakukataa. Akabadilisha njia, ati niingie na viza ya kutembea halafu nitabadilishia hukohuko, shule za tuisheni hazina maneno. Jamani, nawaomba msikubali hiyo. Ukikamatwa Korea unafanya kazi ambayo viza yako hairuhusu unarudishwa nyumbani na unafungiwa kuingia tena, na mwajiri wa namna hiyo akikunyima mshahara utamshtaki wapi wakati wewe mwenyewe unajificha. Kuna walioelekezwa kwenye kazi za viwandani badala yake, kwa ile viza ya E-9, na hiyo pia inaenda kwa nchi zilizofanya makubaliano na Korea, kama Nepal, Ufilipino, Vietnam, Sri Lanka, Uzbekistan, zote ni za Asia na yetu haimo.

Sasa mimi sheria ya watu siwezi kuitukana, ni nchi yao. Lakini hainizuii kusema inavyoniuma. Katiba yetu ya 2010 inataja Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili, mtoto wa hapa anafundishwa kwa Kiingereza sayansi, hesabu, historia, mpaka anamaliza chuo kikuu. Afrika Kusini imo kwenye orodha, na nafurahi kwa ndugu zetu wa kule kupata hiyo nafasi, ila kule wanaozungumza Kiingereza kama lugha ya kwanza nyumbani ni kama mtu mmoja kati ya kumi tu. Kwa hivyo hoja ya lugha ya mama peke yake haitoshi kueleza kwa nini mwalimu wa Durban anaingia na wa Malindi anabaki.

Na mlango unaweza kufunguliwa kwa mazungumzo, hilo ndilo nataka viongozi wetu walisikie. India haimo kwenye zile saba, lakini walipofanya mkataba wao wa biashara na Korea, ulioanza kazi Januari 2010, waliingiza na walimu humo: raia wa India mwenye digrii na cheti cha ualimu anaweza kuchukuliwa kama mwalimu msaidizi wa Kiingereza kwenye shule za umma. Walikaa mezani wakaomba wakapewa. Juni 2024 viongozi wa Afrika waliitwa Korea kwa mkutano mkubwa na wa kwetu walikuwepo. Kila mara tunasikia habari za mikopo na barabara na teknolojia, sijasikia mtu akiuliza habari ya walimu, na walimu ndio kitu tulichonacho kwa wingi na wamekaa nyumbani na vyeti vyao. Wizara ya Elimu na ya Mambo ya Nje wangeliweka hili kwenye ajenda tungelijua angalau kuna mtu anatujali.

Kuna ambao mlango uko wazi kwao na sitaki wakose kwa ajili ya hasira zangu. Watoto wetu waliokulia Marekani, Canada au Uingereza wenye paspoti za huko na waliosoma huko wanaweza kwenda vizuri kabisa. Dadangu anasema kosa kubwa ni kuchelewesha karatasi. Mwaka wa shule Korea unaanza Machi na muhula wa pili mwisho wa Agosti, kwa hiyo anayetaka kuanza Agosti anaomba tangu Februari, wa Machi anaomba tangu Agosti ya nyuma. Digrii na cheti cha polisi lazima vigongwe apostili, ule mhuri wa kuthibitisha hati zikubalike nchi nyingine, na cheti cha polisi kiwe cha taifa zima, Mmarekani anachukua cha FBI, cha jimbo hakikubaliwi, na kisiwe cha zamani, miezi sita ndio mwisho. Walioko Canada wamepunguziwa kazi kwa sababu nchi yao imeingia kwenye mkataba wa apostili Januari 2024, zamani dadangu alipeleka karatasi zake mpaka ubalozi mdogo wa Korea. Ukipimwa afya, kile kipimo cha lazima cha ukimwi walichokuwa wanawafanyia walimu wa kigeni kiliondolewa 2017 baada ya kamati ya Umoja wa Mataifa kusema ni ubaguzi, kwenye kesi ya mwalimu mmoja aliyetoka New Zealand, kwa hiyo mtu asikutishe nacho. Na aliyeolewa au kuoa Mkorea akapata viza ya familia, huyo anaruhusiwa kufundisha hata awe na paspoti yetu.

Sisi wengine njia ya halali ya kufika Korea ipo, ila si ya kufundisha, ni ya kusoma. Serikali yao inatoa ufadhili unaitwa GKS, wa digrii ya kwanza lazima uwe chini ya miaka 25, wa masters na PhD chini ya 40, tiketi, ada na pesa ya kila mwezi wanalipa wao, na mwaka wa kwanza wanakufundisha Kikorea. Unaombea kwa ubalozi au moja kwa moja kwa chuo. Hakuna ajenti na hakuna cha kulipia usajili. Mimi nimeshaanza kupanga karatasi zangu za masters, zile barua za mapendekezo nilizochukulia mradi wa walimu zimenifaa huku, na ile Hangul haikupotea. Nimejua pia kwamba HUFS, chuo kikuu cha Korea cha lugha za kigeni, wanafundisha Kiswahili, kuna vijana wa Kikorea wanakaa darasani wanasoma ngeli zetu, na hilo lilinipa moyo sana siku niliyolijua.

Ombi langu kwako Mhariri ni mambo mawili. La kwanza, tangazo lolote la kazi ya Korea likiletwa kwenye gazeti lako, muulizeni anayelileta, viza gani, na ni ya raia wa nchi gani, akishindwa kujibu msilichape, manake mama kama wangu akiliona gazetini anaamini limeshachunguzwa. La pili, wasomaji wajue kwamba leseni ya ajenti inaangaliwa kwenye mtandao wa NEA, mamlaka ya ajira ya Kenya, bila malipo, lakini leseni hata ikiwepo haibadilishi orodha ya Wakorea, kwa hivyo uliza yote mawili.

Yule rafiki yangu aliyenipeleka kwenye kikao kile bado hajaniamini. Anaona nimekata tamaa tu. Ana kiwanja alichoachiwa na babake huko Matsangoni na mnunuzi ameshapatikana, wanaenda kuandikishana Ijumaa ya wiki ijayo ili Jumatatu alipe ile 80,000 ya viza. Yeye hulisoma gazeti lako kila siku pale kibandani anapokunywa chai, kwa hiyo barua hii nakuomba itoke kabla ya hiyo Ijumaa.

Mwalimu wa JSS,
Kilifi